Kodi ya Mheshimiwa

Asubuhi Mheshimiwa alipogonga kichwa kwenye mguu wa kochi alilolilalia tangu akiwa mdogo, Angelina aliangusha ufagio. Huyu hakuwa paka wa kugonga vitu. Alikuwa paka wa kupita katikati ya vikombe vya wageni bila kutikisa hata kijiko. Sasa alisimama mbele ya mguu wa kochi, akaunusa, akaupapasa kwa masharubu kama mtu anayetafuta ukuta umeme ukikatika, kisha akajilaza palepale sakafuni.

"Obedi!" Angelina aliita. "Njoo umwone paka wa mwanao."

Mumewe alikuwa uani anapiga viatu rangi. Obedi ni dereva wa ofisi moja ya serikali, na kwa dereva wa ofisi viatu ni nusu ya cheti. Alichungulia mlangoni, kiatu kimoja mkononi.

"Ana usingizi," alisema. "Mtu unamwita Mheshimiwa, unategemea nini?"

Jina hilo alilitoa Priska, binti yao, kwa sababu paka huyo tangu siku ya kwanza alichagua kiti kizuri kuliko vyote, akalala saa za kazi, na akiamshwa alimtazama mtu kama anayemuuliza nani kakupa ruhusa ya kuchangia hoja. Hapa Makole, Dodoma mjini, ambako kila nyumba ya tatu ina mpangaji wa maofisini, utani wa namna hiyo hauhitaji maelezo.

Angelina hakucheka. Tangu mavuno ya mwaka uliopita alikuwa hacheki ovyo, na wala hakai ovyo. Akikaa, anasimama. Akianza kupepeta mtama, anaacha ungo na kwenda kuchungulia getini. Uani anafagia mara mbili, na upepo wa Dodoma, ambao hauna shukrani, unamrudishia vumbi lilelile. Simu ikilia moyo unamruka; akiitazama ni mteja wa unga, basi mteja wa watu anajibiwa kwa ukali ambao hakuutafuta.

Alikuwa akiuza unga wa mtama na uwele soko la Majengo, na magunia yake aliyaweka nyumbani, chumba cha nyuma. Mwenye nafaka ana panya. Hilo halina mjadala. Ndiyo maana Priska, akiwa mwaka wa mwisho chuoni, alipoleta kitoto cha paka ndani ya mkoba wa vitabu, Angelina alimpokea kwa sharti moja: afanye kazi, la sivyo arudi alikotoka. Na kazi ikafanyika. Kila baada ya siku chache, akiamka, alikuta panya kwenye kizingiti cha mlango wa nyuma, amelala chali, miguu juu, amewekwa kwa adabu kama zawadi ya harusi. Angelina aliwaonyesha majirani kwa fahari. "Huyu ndiye mpangaji," alisema. "Analipa kodi bila kukumbushwa."

Shida ni kwamba Priska alimaliza chuo na kazi haikuonekana. Mwaka ukapita, wa pili ukaingia. Alituma maombi, akasubiri, akasuka nywele za majirani barazani, akasubiri tena. Jioni moja baada ya mavuno, bei ya nafaka imeanguka na Angelina kaikasirikia dunia nzima, aliingia ndani akamkuta binti yake amempakata paka mbele ya televisheni, sahani za mchana hazijaoshwa. Neno likamtoka.

"Hata huyo paka analipa kodi ya nyumba kwa panya. Wewe unalipa nini?"

Ulimi hauna mfupa. Priska alimweka paka kwenye kochi taratibu, akaosha sahani zote, akazipanga kabatini, na kulipokucha akapanda basi la kwenda Haneti kwa Anna, dada wa baba yake. Haneti si Ulaya. Ukiondoka asubuhi, chakula cha mchana unakula hukohuko. Lakini mama hakupiga simu, kwa kuwa mzazi hamwangukii mtoto. Na mtoto hakupiga, kwa sababu zake. Na njia ile ambayo mabasi huimaliza kabla abiria hajapata usingizi ikawa haipitiki.

Badala ya kupiga simu, Angelina aliweka nadhiri. Alipiga magoti chumbani mbele ya picha ya Bikira Maria, akasema kwa sauti ambayo hata Obedi aliisikia: nyama wala samaki havitavuka kizingiti cha nyumba hii mpaka Priska akivuke. Obedi ni Mgogo, mbuzi wa kuchoma kamjua kabla hajajua kusoma, lakini hakuulizwa. Paka naye hakuulizwa. Nyumba nzima ikaingia nadhirini. Wakala ugali wa uwele na mlenda, kesho yake ugali wa mtama na mlenda, na Jumapili, kwa heshima ya siku, ugali na maharage. Mheshimiwa alipewa ugali uliolainishwa kwa mlenda, na maziwa mgando kidogo juu ili asione ameonewa.

Halafu akamfungia ndani. Majirani walikuwa wametega sumu ya panya, na paka akila panya mwenye sumu, amekwenda. Paka akienda, Priska atarudia nini? Mfuko wa nguo alikwenda nao, vyeti alikwenda navyo. Kilichobaki chake katika nyumba ile ni huyo tu. Angelina alipigilia wavu madirishani na kuufunga mlango wa nyuma kwa komeo. Panya chumba cha nafaka wakazidi, wakatoboa magunia mchana kweupe, na kizingitini hakukuonekana tena hata mmoja wa kufa. Alijua paka amegoma kwa kufungiwa. Hakumlaumu.

Mwezi baada ya mwezi aliona manyoya yanapoteza mng'ao, mgongo unachongoka. Akaongeza maziwa. Akabadilisha mlenda mkavu kwa mbichi. Leo ameona kichwa kimegonga kochi.

Alimtia Mheshimiwa kwenye kikapu, akakifunika kwa kitenge, akasimamisha bajaji.

Duka la dawa za mifugo analotumia kila mtu wa upande ule liko kando ya Majengo, na daktari wake, Raphael, ni kijana mpole ambaye siku nzima anauza chanjo ya kuku na dawa ya kuogeshea mbuzi. Wafugaji wawili watatu walikuwa kwenye benchi. Mzee mmoja aliyeshika chupa ya dawa ya kupe alimsalimu kwa Kigogo, "Mbukwa," akafunua kitenge bila kuombwa, akaguna.

"Kumbe paka? Mimi nikajua mama kaleta ndama."

Raphael hakucheka. Alimpandisha paka mezani, akamshika mbavu, akamsikiliza moyo kwa muda mrefu kuliko Angelina alivyopenda. Kisha akawasha tochi ya simu, akaipitisha machoni. Mboni zilikuwa kubwa, nyeusi, na hazikujikunja.

"Anakula nini, mama?"

"Anakula tunachokula."

"Nyie mnakula nini?"

"Ugali. Mlenda. Maziwa kidogo."

"Na nyama?"

"Hatuli."

"Kwaresma hii?"

"Tangu mavuno," Angelina alisema, akiutazama ukuta. "Nina nadhiri."

"Loo," yule mzee akasema kule benchi. "Paka Mkatoliki."

Benchi lote likacheka. Angelina alihisi masikio yanamwaka. Raphael alizima tochi.

"Mama, paka si mbuzi," alisema. "Mbuzi ukimpa majani, mwili wake unajua la kufanya. Paka, kuna kitu kwenye nyama ambacho mwili wake hauwezi kujitengenezea. Akikikosa muda mrefu, macho yanafifia na moyo unalegea. Hajalogwa, hajaambukizwa. Ni chakula. Wale wengine wanaoshinda na ugali wanajiokoa kwa panya na ndege wa nje. Huyu wako hatoki?"

"Nimemfungia."

"Basi hapo." Alisema bila kulaumu, na hilo likamuuma Angelina zaidi. "Macho siwezi kukuahidi. Moyo bado unaweza kurudi, ukianza leo. Mpe nyama. Nyama ya kuku, mioyo hasa, maini kidogo tu, dagaa wasio na chumvi. Usitie kitunguu, kitunguu kwake ni sumu. Mifupa iliyopikwa usimpe. Kuna na chakula chao cha pakiti kwenye maduka makubwa, kama atakikubali. Lakini usimmwagie vyote kwa pamoja. Tumbo limezoea mlenda, ukilishtua ataharisha, na huyu hana mwili wa kuharisha. Anza na kile alichokizoea zamani. Kabla ya mlenda alikuwa anakula nini?"

"Panya," Angelina alisema.

"Panya tu?"

Miaka mitatu paka yuko ndani ya nyumba yake, na Angelina hajui alikuwa anakula nini. Alikuwa anakuta kibakuli kimeoshwa kimefunikwa, basi.

"Sijui. Binti yangu ndiye aliyekuwa anamlisha."

"Muulize binti yako," Raphael alisema, akageukia mteja mwingine, kwa wepesi wa mtu ambaye mama yake humpigia simu kila siku.

Kwenye bajaji Angelina alishika kikapu mapajani na kuona nyama kila upande. Ilikuwa mabuchani, imening'inia. Ilikuwa kwenye majiko ya mishikaki. Miezi yote hii alikuwa akipita hapa haioni. Akaanza kupima ujanja: kizingiti ni kizingiti. Nyama ikibaki nje ya kizingiti, nadhiri imesimama. Alipoteremka hakuingia kwake. Alikwenda moja kwa moja barazani kwa Dorothea.

Dorothea ni jirani wa ukuta kwa ukuta na mwenyekiti wa jumuiya yao ya kanisani. Ni yeye aliyemsifu Angelina mbele ya kina mama wote Kwaresma ilipoanza, kwamba wengine ndiyo kwanza wanaanza kujinyima, mwenzenu alishatangulia zamani. Alikuwa anachambua karanga. Akamsikiliza Angelina hadi mwisho, mikono haisimami.

"Unataka umlishie paka wako hapa kwangu, nadhiri ibaki kule kwako."

"Kwa muda tu."

"Angelina, Mungu unamkwepa kwa hatua tatu?" Dorothea alitikisa kichwa. "Ahadi ni deni. Nilimjua mama mmoja wa Kizota aliyevunja nadhiri kwa supu ya kongoro. Kongoro tu! Wiki haikuisha, upepo ukaondoka na paa. Na wewe nadhiri yako ni ya mtoto. Ukiivunja, unajua kitakachompata ni nini huko aliko?"

Angelina hakujua. Aliingia kwake. Akamweka paka kwenye kochi, akamtoa, akamweka sakafuni ili asianguke. Akachota mlenda, akaumwaga. Akasimama jikoni katikati, hajui alichofuata. Priska akidhurika kwa sababu ya mioyo ya kuku, atajisamehe vipi? Na Priska akirudi akamkuta Mheshimiwa amezikwa nyuma ya choo, atamwambia nini? Alitembea toka jikoni mpaka sebuleni, toka sebuleni mpaka jikoni, mpaka kanga ikamvuka.

Alasiri Obedi alirudi kutoka kazini. Alipokaa tu, Mheshimiwa, ambaye kutwa hakuinua kichwa, aliinuka. Akaja akiufuata ukuta, ubavu ukigusa rangi, akavuka zulia kwa pua, akafika magotini kwa Obedi na kuanza kulamba vidole vyake kwa ulimi wa haraka, kimoja baada ya kingine.

Angelina alitazama. Obedi naye alitazama dari.

"Umekula nyama."

"Nje ya kizingiti," Obedi alisema.

"Tangu lini?"

"Mama Priska, mimi sikuweka nadhiri. Nilikuwa nakutunzia ya kwako, ndani ya nyumba. Nje nina tumbo langu." Hakutoa mkono, aliuacha ulambwe. "Na huyu nilikuwa namwachia vidole bila kunawa. Nilijua anapenda harufu. Sikujua ni njaa."

Angelina alimweleza ya daktari, maneno yakigongana. Macho. Moyo. Chakula cha zamani. Uso wa Obedi ulilegea, ndipo Angelina akaona kwamba mumewe naye anaogopa, na kwamba ana lingine.

"Mimi nazungumza na Priska," Obedi alisema. "Kila Jumapili baada ya misa. Nikiwa kwenye gari."

Angelina alishika mgongo wa kiti.

"Anasemaje?"

"Anauliza paka hajambo."

"Na mimi?"

Obedi aliviangalia viatu vyake vinavyong'aa. "Anauliza paka hajambo," alirudia kwa sauti ndogo.

Iliuma. Iliuma mahali ambapo Angelina hakujua bado pana nyama. Alikwenda dirishani, akarudi.

"Basi mpigie sasa hivi. Muulize alikuwa anamlisha nini."

"Siwezi. Kila Jumapili namwambia paka mzima, paka amenenepa. Leo nimpigie nimwambie nini?" Obedi alitikisa kichwa. "Aliyefunga ndiye afungue. Piga wewe."

Angelina alitoka na simu uani, akasimama kati ya karai na kamba ya nguo. Namba ilikuwa palepale, haijafutwa wala kuguswa. Akabonyeza. Ikaita mpaka ikakatika yenyewe, na kwa nukta moja Angelina alifurahi kwamba haikupokelewa. Furaha hiyo ikamtia aibu kuliko kila kitu kilichotokea siku hiyo. Akabonyeza tena.

"Shikamoo, mama."

Ilikuwa sauti yake, tena karibu hivyo.

"Marahaba. Hujambo?"

"Sijambo. Baba mzima?"

"Mzima. Mvua mnayo huko?"

"Ilinyesha juzi. Alizeti za shangazi zimesimama vizuri."

"Afadhali," Angelina alisema. "Huku ni upepo tu." Salamu zikaisha. Hakuna aliyejua pa kukanyaga baada ya hapo, ila mmoja wao alikuwa na paka anayekufa. "Priska. Mheshimiwa ulikuwa unamlisha nini?"

"Ana nini?"

"Amekonda. Daktari anataka kujua chakula chake cha zamani. Ukiacha panya."

"Panya gani?"

"Panya wake. Wale wa kizingitini."

Upande wa Haneti jogoo aliwika.

"Mama," Priska alisema, "Mheshimiwa hajawahi kukamata panya. Hata mmoja. Anawaogopa. Panya akipita chini ya kochi, yeye anapanda juu ya kabati."

"Na wale?"

"Nilikuwa nawatega mimi. Mtego uko nyuma ya magunia ya uwele, ukutani. Alfajiri nilikuwa namtoa panya, naweka kizingitini kabla hujaamka."

"Kwa nini?"

"Ulisema asipofanya kazi atarudi alikotoka. Alikotoka ni jalalani, mama. Nilimwokota jalalani."

Palikuwa na ndoo imefunikwa kifudifudi. Angelina, ambaye kutwa nzima alikuwa hajakaa, alikaa. Akaona zile asubuhi zote, panya wamelazwa chali kwa adabu. Hakuna paka duniani anayelaza panya hivyo, na yeye alitazama muda wote ule asione. Akaisikia tena ile sentensi yake ya jioni ya mavuno, safari hii akiwa amekaa upande wa Priska, paka mapajani. Kodi ilikuwa inalipwa na mtoto, na risiti anaandikiwa paka.

"Alikuwa anakula firigisi na mioyo ya kuku," Priska aliendelea, haraka sasa, kama mtu anayejaza nafasi. "Nachemsha bila chumvi, nakatakata ndogondogo, nampa na supu yake. Nilikuwa nanunua Majengo kwa yule mama wa kuku. Hela ya kusuka. Mama, wewe umekuwa unampa nini?"

"Mlenda."

"Mlenda?"

"Sote tunakula mlenda. Niliweka nadhiri. Nyama isiingie nyumbani mpaka urudi."

"Tangu lini?"

"Tangu ulipoondoka."

Angelina aliitazama simu kuona kama imekatika.

"Kwa nini hukunipigia simu tu, mama?"

Angelina alikuwa na majibu ya sokoni na majibu ya jumuiya, lakini la swali hilo lilikuwa la aibu: kwamba kujinyima nyama miezi na miezi kulikuwa rahisi kuliko kutamka neno moja kwa mtoto aliyemzaa. Na nyama yenyewe hakuikosa peke yake. Aliwakatia wengine.

"Kanunue firigisi," Priska alisema, sauti imenywea. "Ukimpa, unipigie. Nataka nimsikie anakula."

Angelina alikwenda Majengo kwa miguu, kwa sababu bajaji ya kwanza ilikuwa na abiria na ya pili hakuwa na subira nayo. Mama wa kuku alikuwa anafunga.

"Firigisi na mioyo? Ya kuchemsha?" Akamkagua juu mpaka chini. "Si wewe ndiye mama yake yule binti wa paka? Siku nyingi simwoni. Alikuwa haachi kuja hata mvua inyeshe. Yuko wapi?"

"Yuko Haneti."

"Mwambie nilikuwa namwekea."

Alirudi na mfuko unaotoa matone. Dorothea alikuwa bado barazani na karanga zake, na macho yake yalikwenda mfukoni moja kwa moja.

"Angelina, hiyo si nyama?"

"Ni nyama."

"Na nadhiri?"

"Nilimwekea Mungu nadhiri kwa tumbo la paka," Angelina alisema. "Tutazungumza, mimi na Yeye. Paka hahusiki."

Alisema kijasiri, lakini mlangoni alisimama. Kizingiti kile cha saruji, kilichopasuka pembeni, kilimtazama. Akamwona Priska barabarani, Priska kitandani, Priska na nyoka shambani kwa Anna. Kila ajali ambayo mama anaweza kuibuni aliibuni pale, mfuko ukimdondokea miguuni. Aliogopa kweli. Ndani kukasikika kitu kidogo kinagonga mguu wa meza, kinasimama, kinagonga tena. Mheshimiwa alikuwa anatafuta njia kuja kwenye harufu.

Angelina alivuka. Aliinua macho akaangalia paa. Lilikuwa palepale.

Alichemsha bila chumvi, bila kitunguu, mvuke ukajaa nyumba ambayo ilikuwa imesahau. Obedi alikuja akasimama mlango wa jikoni na kuvuta pumzi kwa macho yaliyofumbwa. Angelina alikatakata ndogondogo, akapuliza mpaka zikapoa, akamimina kijiko kimoja cha supu, akaweka kibakuli sakafuni. Kisha akapiga simu Haneti, akafungua spika, akailaza kando ya kibakuli.

"Upo?"

"Nipo," Priska alisema toka sakafuni.

Mheshimiwa alikuwa amefika. Aliposikia sauti ile masikio yalisimama, akageuka huku na huku kuitafuta na yale macho yake makubwa yasiyoona, akainusa simu, akailia kwa sauti nyembamba. Hakugusa chakula. Alisubiri, kichwa kimeinama kidogo, kama mtu aliyekaribishwa mezani na hajui kama karibu hiyo ni ya kweli.

Angelina alipiga magoti. Miezi yote hii alikuwa amepiga magoti mbele ya picha. Haya yalikuwa magumu zaidi. Alimshika paka mgongoni, juu ya ile mifupa, akasema naye, lakini akasema kwa sauti ya kufika Haneti.

"Kula, Mheshimiwa. Nyumba hii haina kodi. Haijawahi kuwa na kodi. Aliyesema kuna kodi alikuwa na hasira zake, akakosea. Alikosea sana. Kula, baba, hapa ni kwenu."

Paka akashusha kichwa, akaanza kula. Alikula kwa kelele, kwa kusukuma kibakuli, kikikwaruza sakafu mpaka kikagonga ukuta, na Angelina akakirudisha.

Kwenye simu ikasikika pua inavutwa.

"Mama."

"Abee."

"Mpe kidogo kidogo. Asivimbiwe."

"Nampa kidogo kidogo."

"Nitakuja Ijumaa nimwone."

"Ijumaa ya Kwaresma nyama hakuna," Angelina alisema, sauti yake ikimkatikia katikati. "Njoo Jumamosi, nichinje kuku."

Priska alicheka, kicheko kifupi chenye machozi ndani yake. Mlangoni Obedi aligeuka kuangalia ukuta.

"Zimebaki?" Priska aliuliza.

"Nini?"

"Firigisi."

"Zimebaki, sufuriani."

"Na wewe ule, mama."

Angelina alinyoosha mkono, akatoa kipande sufuriani, akakaa sakafuni kando ya paka, mgongo ukutani, miguu ameinyoosha. Firigisi haikuwa na chumvi. Aliitafuna polepole mpaka ikaisha, simu ikiwa bado wazi.